Risiti ya Leo

Kizibao kile cha njano sikukiomba. Nilipewa. Kilikuwa na jina la supamaketi mgongoni kwa maandishi mekundu, na kilinipwaya mabegani. Lakini nilikivaa kwa mikono yangu mwenyewe, na niliyoyafanya niliyafanya nikiwa nimekivaa, kwa hiyo simlaumu mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa kusimama mlangoni mwa basi la bure. Miaka ile kila supamaketi kubwa ya Shanghai ilikuwa na mabasi yake, yakizunguka mitaa ya wazee tangu asubuhi kuwabeba wanunuzi. La kwetu lilikuwa na vituo kumi na kimoja, na mwisho wake ulikuwa jengo la maduka la ghorofa sita, lililojengwa pale kilipokuwa kiwanda chetu cha pamba. Pale pale. Mahali niliposokota nyuzi miaka kumi na saba siku hizi wanauza viatu vya watoto na chai ya maziwa yenye barafu.

Kwenda, mtu yeyote alipanda. Kurudi, ulitakiwa uonyeshe risiti ya siku ile. Sheria hiyo ilikuwa imebandikwa dirishani tangu zamani, ila Dereva Ge hakuwa na habari nayo. Yeye aliwasha redio yake, akasikiliza hadithi za majenerali, akangoja basi lijae. Watu walilipanda kwenda hospitali, kwenda kucheza dansi bustanini, kwenda kwa wajukuu. Walikaa kwenye kiyoyozi, wakateremka, wakaonja soseji za bure kwenye kaunta ya nyama, wakarudi nyumbani na mifuko mitupu. Alipokuja meneja mpya, kijana anayeitwa Fang, akaona basi linajaa pomoni huku makeshia wanapiga miayo. Ndipo nilipoajiriwa mimi, Pan Yuzhen, Azhen kwa wanaonijua, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja.

Nilifurahi, sitaficha. Tangu kiwanda kifungwe nilikuwa nimeosha vyombo, nimefagia ngazi za watu, nimeuza soksi barabarani nikifukuzwa na askari wa jiji. Hakuna aliyewahi kunipa mlango wa kusimamia. Wanasema cheo ni dhamana, lakini asiyewahi kuwa nacho hukiona kama mapambo. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimeshajua hila zote za wazee: risiti iliyookotwa kwenye pipa la taka, risiti ya mayai iliyopitishwa dirishani kutoka mkono hadi mkono mpaka watu saba wakapanda kwa mayai yale yale. Niliwakamata. Wengine niliwajua tangu utoto, na niliwakamata vilevile, na jioni nilimsimulia mume wangu mezani huku nacheka.

Miongoni mwa waliopanda kila siku alikuwemo Fundi Qiu.

Kiwandani, aliyekufundisha kazi unamwita Fundi mpaka kaburini. Hata akistaafu, hata wewe ukipanda cheo kuliko yeye, Mwaka Mpya ukifika unakwenda kumsalimia kabla ya mjomba wako. Mimi niliingia kiwandani nina miaka kumi na saba, nikapewa yeye anifundishe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kushinda mashine mia. Alinifundisha kufunga fundo la uzi kwa vidole viwili kabla hujamaliza kupepesa jicho. Alinifundisha kutembea: huku na huku kati ya mashine, saa nane kwa zamu, juu ya sakafu ya zege, bila kukimbia na bila kusimama. Magoti yake yaliharibikia pale. Yangu pia si mazuri, lakini mimi niliachishwa mapema.

Kuna jambo moja alilonitendea ambalo nilikuwa sijamsimulia mtu. Mashine zile hazikumsubiri mtu. Kila mstari ulikuwa na kibao kimoja cha choo, kimetundikwa kwenye msumari. Ukikichukua wewe, wenzako wote wanajibana mpaka urudi, na mwisho ni dakika tano. Majira ya joto ya mwaka wangu wa kwanza nilikula tikiti maji lililolala, tumbo likaniendesha. Nilikwenda mara nne zamu moja. Mara ya nne nilikaa huko, kichwa kwenye ukuta, nalia, nikijua nyuzi zinakatika kwenye mashine zangu na kesho jina langu litakuwa kwenye ubao wa wakosaji.

Hazikukatika. Fundi Qiu alikuwa akihudumia mashine zake na zangu, mbio huku na huku, yeye aliyetukataza kukimbia. Nyapara akamjia.

"Pan yuko wapi?"

"Nimemtuma ghalani."

"Si ulimtuma saa ile?"

"Nimemtuma tena. Ghala limehama?"

Aliyenisimulia hayo ni msichana wa mashine ya jirani. Niliporudi, Fundi alinitia mkononi chupa ya maji ya moto yenye chumvi, akaniambia ninywe, akarudi kwenye mstari wake. Miaka ile ukimdanganya nyapara unapoteza marupurupu ya mwezi mzima. Naye alikuwa na mume mgonjwa.

Sasa alikuwa na miaka sabini na saba, mjane, hana mtoto, anaishi kwenye chumba cha juu katika vichochoro vya zamani, kituo cha nne cha basi letu. Kila asubuhi, saa tatu na nusu, alipanda akiwa na mfuko wa kitambaa aliokunja vizuri. Saa nne na nusu alirudi na risiti. Kila siku kitu kimoja tu: chupa ndogo ya sosi ya soya, ile ya bei ya chini kabisa. Nilikuwa nikimtania. "Fundi, unaoga kwa soya?" Naye anacheka, anapanda kiubavu kidogo, mkono kwenye chuma, mguu mmoja kisha mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzo wa mwezi wa saba. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Asubuhi Meneja Fang aliniita pembeni akaniambia, "Mama Pan, basi bado linajaa. Leo nitasimama pale nione mwenyewe." Akasimama kweli, kwenye kivuli cha mlango wa maduka, mikono nyuma.

Wa kwanza kunijia bila risiti alikuwa Bibi Lou, jirani wa Fundi Qiu, mwanamke mwenye ulimi wa kunyoa ndevu.

"Leo sikuona mayai ya maana," akasema, tayari mguu mmoja uko ndani.

"Hakuna risiti, hakuna safari."

"Ati nini? We Azhen, si wewe uliyekuwa unakuja kwangu kuazima ndoo?"

"Bibi Lou, teremka. Unazuia watu."

Akateremka. Lakini hakuondoka. Akasimama kando, mikono kiunoni, akasema kwa watu wote waliokuwa wameshakaa, "Haya. Fundi wake anakuja hapo nyuma, na mfuko wake mtupu. Tukae tuone kama sheria ina macho, au inafumba kwa ndugu."

Na kweli Fundi Qiu alikuwa anakuja, polepole, mfuko wake umekunjwa chini ya kwapa. Akanipa risiti bila kunitazama. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa, na maandishi yake yalikuwa yamefifia. Nikaikunjua. Ningeweza kuitupia jicho tu nikasema, "Panda, Fundi." Mtu gani angesoma? Meneja alikuwa mbali hatua ishirini. Bibi Lou hakuwa na miwani.

Nikaisoma kwa sauti.

"Tarehe kumi na tisa mwezi wa sita," nikasema. "Leo ni tarehe nane mwezi wa saba. Fundi, hii soya imeshaliwa ikaisha."

Watu wakacheka ndani ya basi. Kicheko chao kilinipa nguvu. Huo ndio ukweli, na ndio unaoniuma kuliko mengine.

Fundi Qiu akasogea karibu, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nimesahau kununua. Niachie leo, Azhen."

Miaka thelathini na minne nilimjua mwanamke yule, na hajawahi kuniomba kitu. Hata chumvi.

"Kila mtu akiachiwa leo," nikasema, kwa sauti ya kumfikia meneja, "kesho basi litakuwa la matembezi. Wanaonunua ndio wanaopanda. Sheria haina Fundi."

Akasema, "Ndiyo." Akaichukua risiti yake mkononi mwangu, akaikunja tena mara nne, akairudisha mfukoni. Akageuka. Basi likaondoka, na dirishani nilimwona akitembea kando ya ukuta, juani, akishika ukuta kwa mkono wa kushoto. Bibi Lou alikuwa amemfuata amemshika mkono, naye akaukataa.

Dereva Ge alizima redio. Alipofungua mlango kwenye kichochoro chao, akaongea akitazama mbele: "Asante ya punda mateke, Dada Pan."

"Mimi nafanya kazi yangu."

"Nani amekwambia huifanyi?"

Jioni ile Meneja Fang akanisifu mbele ya makeshia. Kama wafanyakazi wote wangekuwa kama Mama Pan, alisema. Nikapewa chupa mbili za mafuta ya kupikia zenye utepe mwekundu. Nilizibeba nyumbani kifua mbele, nikazipanga juu ya friji. Usingizi ulipokataa nikajiambia ni joto.

Kesho yake saa tatu na nusu, Fundi Qiu hakuwepo kituoni. Wala keshokutwa. Wiki ikapita, kisha ya pili. Mwanzoni nilifikiri ananikomoa. Kisha nikaanza kutazama kichochoro kile kila tulipokaribia, nikishika chuma cha mlango kwa nguvu, nikiomba nione mfuko wa kitambaa. Katikati ya mwezi wa nane likabandikwa tangazo: treni ya chini ya ardhi inafunguliwa mwisho wa mwezi wa tisa, mdomo wa stesheni moja utatokea mtaa wao, wa stesheni inayofuata utaingia moja kwa moja ndani ya maduka yetu, na basi la bure litasimamishwa. Nikaona siku zangu zinahesabika. Nilitaka Fundi apande basi lile japo mara moja zaidi, mimi nikiwa mlangoni, watu wakiona.

Na hapa ndipo nilipoongeza ujinga juu ya ubaya. Kwetu huendi kwa mtu uliyemkosea ukasema "nimekosa". Unakwenda na kitu mkononi, mnazungumza habari za mvua, na kitu kile ndicho kinachosema. Basi siku ya mapumziko yangu nikaingia supamaketi asubuhi na mapema, nikanunua kilo tano za mchele mzuri, matufaha makubwa manane, na chupa ya sosi ya soya, ya bei ya juu safari hii. Nikajiona mwerevu, nikaiweka risiti juu kabisa, juu ya matufaha, ili aione. Nilipanga nimwambie: Fundi, hii ni ya leo, twende mchana ukatembee, utarudi kwa raha zako.

Ngazi za nyumba yake ni za mbao, zimesimama wima kama ngazi ya kupandia paani, na pembeni kuna kamba ya kushikilia. Juu nilimkuta ameketi karibu na dirisha. Amepungua. Midomo yake ilikuwa imepasuka na ngozi ya mikono imekauka. Alinikaribisha vizuri, maana ana adabu kunishinda. Akachemsha maji, akanimiminia chai. Yeye hakujimiminia.

"Na wewe, Fundi?"

"Nimeshakunywa."

Tukazungumza habari za joto. Macho yangu yakazunguka chumbani, na hapo nikaziona: chupa za sosi ya soya. Zilikuwa chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya mlango, zimepangwa safu safu, na vizibo vyake havijafunguliwa. Zilikuwa zaidi ya mia. Nikawaza, masikini, uzee umeanza kumchezea kichwa, anarundika vitu.

Akavuta mfuko wangu karibu. Akaichukua risiti, akavaa miwani, akaisoma yote, tangu jina la duka juu mpaka chini.

"Ya leo," akasema.

"Ndiyo, Fundi. Nimeona..."

"Umehakikisha tarehe."

"Ndiyo."

Akaivua miwani. "Azhen, kwani uliniona nimekosa hela ya soya?"

Akairudisha risiti mahali pake, akafunga mdomo wa mfuko kwa fundo lile lile la kiwandani, la vidole viwili, akausukuma taratibu mpaka miguuni pangu. Akaniambia chai isipoe. Nikainywa inaniunguza, nikaaga, nikateremka na kilo zangu tano za mchele nikishika kamba.

Chini, kwenye bomba la kichochoro, Bibi Lou alikuwa anaosha mboga.

"Mheshimiwa mkaguzi," akasema. "Naona mzigo umerudi."

"Amekataa."

"Mchele wa nini sasa? Mchele utaingia. Utatokea wapi?"

Nikafikiri ananitukana tu, nikataka kupita. Akanishika kizibao. Nilikuwa nimekivaa hata siku ya mapumziko, kwa sababu kilinisaidia kupunguziwa bei kwenye kaunta.

"Hujui kweli, au unajifanya?" akaniuliza, na safari hii hakuwa anacheza. "Yule magoti yake hayachuchumai tena, mwaka wa tatu huu. Choo cha kichochoro ni cha kuchuchumaa. Ndoo ya haja anayo huko juu, lakini nani aiteremshe ngazi zile kila asubuhi? Nimemwambia nitamteremshia mimi. Anasema hajafika huko. Sasa kwenye maduka yenu, ghorofa ya tatu, kuna choo cha kukalia, kina vyuma vya kushikilia huku na huku. Alikuwa anakwenda haja, Azhen. Mara moja kwa siku, kistaarabu, anarudi zake. Na ili asikutie wewe aibu mlangoni, ananunua chupa ya soya. Kila siku. Siku moja tu amesahau, kashika risiti ya zamani. Siku moja."

Maji yalikuwa yanaendelea kutiririka kwenye karai lake.

"Na sasa anafanyaje?" nikauliza.

"Hali. Hanywi. Anakula kidogo jioni ili asisumbuke. Kwenye joto hili. Mabasi ya jiji ni mbali, na dereva gani atamngoja apande mguu mmoja mmoja? Nikimwambia arudi kwenye basi lako, ananiambia Azhen yuko kazini, tusimharibie." Akafunga bomba. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nisingekwambia, ila nimechoka kumwona anakauka."

Nilisimama pale na mchele wangu. Nilitaka ardhi ipasuke. Msichana wa miaka kumi na saba alikwenda chooni mara nne, na mwanamke yule hakumuuliza hata swali moja. Na mimi nilimuuliza tarehe. Nilimuuliza mbele za watu, nikamfanyia na mzaha juu yake, na nikapewa mafuta ya kupikia. Sikurudi juu. Nilishindwa. Kuipanda ngazi ile tena kungekuwa kumwambia kwamba ninajua, na hilo lingekuwa kumvua nguo mara ya pili.

Siku zilizofuata nilimwomba Dereva Ge asimame zaidi kwenye kichochoro kile. Hakuniuliza kwa nini. Alisimama dakika tatu, dakika tano, akipiga honi ndogo mbili, abiria wakinung'unika. Dirisha la juu lilikuwa wazi. Hakuna aliyeteremka. Wengine wote niliwaachia wapande bila risiti, mpaka Meneja Fang akakivua kizibao kutoka mgongoni mwangu kwa maneno ya adabu. Wiki mbili baadaye basi lenyewe likafa. Dereva Ge akahamia lori la barafu.

Treni ilifunguliwa siku ya Jumamosi. Mdomo wa stesheni ulikuwa hatua sitini kutoka kichochoro cha Fundi, na una lifti. Nilikwenda kuikagua mwenyewe Jumapili, nikapanda na kushuka mara tatu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nilikuwa nimeajiriwa upya na watu wa usafi wa maduka, ghorofa ya chini, zamu ya mchana. Asubuhi ilikuwa yangu.

Jumatatu saa tatu na nusu nikapanda ngazi za mbao. Sikubeba kitu. Sikuwa na tufaha wala mchele. Usiku mzima nilikuwa nimetafuta neno, na nililolipata lilikuwa la kitoto.

"Fundi," nikasema mlangoni, "wameniajiri kule kule, ila lazima niende kwa treni ya chini. Naogopa ngazi za umeme. Naona zitanimeza miguu. Nimekuja unifundishe."

Akanitazama usoni. Mimi nilitazama chupa za soya, kwa sababu macho yake sikuyaweza.

"Mtu mzima wa miaka hamsini," akasema, "hujui kupanda ngazi."

"Sijui, Fundi."

"Nilikufundisha nini mimi miaka yote ile?"

"Ulinifundisha. Nimesahau."

Nje muuza maandazi ya mvuke alikuwa anapita akiita wateja. Fundi akapapasa chini ya kitanda kwa fimbo yake, akavuta viatu vyake vya kitambaa kutoka katikati ya chupa.

"Nisubiri nivae," akasema.

Alishuka ngazi nyuma nyuma, mimi nikiwa chini yake, mikono juu, bila kumgusa. Tukaenda hatua sitini zile. Kwenye stesheni kila kitu kilinuka rangi mpya. Tulipofika penye ngazi za umeme, zinateremka zenyewe bila kuchoka, watu wanazirukia na simu zao, Fundi Qiu akasimama akazitazama.

"Hizi nitakufundisha kesho," akasema. "Leo tupande lifti."

"Sawa, Fundi."

Kituo kimoja tu, dakika mbili. Alikaa kwenye kiti cha wazee, mfuko wake umekunjwa mapajani. Tukatokea ndani ya maduka, kati ya mikate na manukato. Lifti nyingine, ghorofa ya tatu. Njia nzima hatukuzungumza juu ya tunakokwenda. Alikuwa anatangulia nami namfuata, maana njia aliijua kuliko mimi, na nikaona anavyoharakisha, anavyojibana midomo, nikajua asubuhi ile alikuwa amekunywa chai.

Choo cha wanawake kilikuwa na foleni ya wasichana sita au saba wa ofisini, wameshika vikombe vyao vya chai ya maziwa. Kile cha wazee, chenye vyuma, kilikuwa cha kwanza mkono wa kulia, na hakikuwa na mtu. Fundi akanipa mfuko wake nimshikie. Nikajiweka mlangoni, mgongo kwenye ukuta, kama nilivyozoea.

Akatia mguu mmoja ndani, kisha akageuka. Akanitazama kuanzia viatuni mpaka nywele.

"Azhen!" akasema, kwa sauti ile ya kushinda mashine mia. Foleni nzima ikageuka. "Umesimama mlangoni tena. Na huku nako unataka risiti?"

Wasichana wakacheka. Mmoja akaziba mdomo kwa kikombe chake. Hawakujua wanacheka nini, kama wale wa kwenye basi. Uso wangu uliwaka moto mpaka masikioni, macho yakajaa. Yeye alikuwa anangoja, mkono kwenye chuma, anaumia, lakini anangoja.

"Hapana, Fundi," nikasema. "Pita."

"Sikusikii. Mashine zinapiga kelele."

"Pita, Fundi!" nikapiga ukelele mpaka ghorofa nzima ya tatu ikasikia, machozi yananitoka mbele za watu. "Pita!"

Akapita. Akafunga mlango, nami nikabaki pale nimeushika mfuko wake.